Re: Naishiwa maneno ya kueleza sifa za vitu

Habari ndugu. Umesema kila ukieleza kitu unaishia kwenye "sana": cheusi sana, kimelowa sana, na msomaji haoni kitu. Ugonjwa huo nimeuugua miaka mingi.

Kwanza pitia andiko lako, upige mstari chini ya kila "sana". Mara nyingi pale pana neno lake tayari: nyeusi tititi, nyeupe pe, giza totoro, kulowa chepechepe, kutulia tuli. Ila maneno haya yana wenzi wake. Totoro huandamana na giza, ukilipeleka kwenye kimya sentensi inachechemea. Yasome kwa sauti, sikio litakwambia.

Pili, ngozi na nyuso za vitu. Hapa ndipo wengi tunapolipua kazi kwa kusema "ina rangirangi". Chui ana madoadoa, pundamilia ana milia, ng'ombe mwenye vipande vikubwa vya rangi ana mabaka. Ukuta uliochuruzikiwa na maji una michirizi. Neno moja hapo linachora picha nzima.

Ladha nayo usiifanye yote kuwa "chungu". Tafuna ndizi mbichi: ulimi unakauka, fizi zinakaza. Huo si uchungu, ni ukakasi. Ndimu ina ukali, maziwa yaliyolala yana uchachu. Mimi nilipoanza kulitumia neno ukakasi mahali pake, nilifuta maelezo ya mistari mitatu.

Tuwekee hapa aya moja uliyokwama nayo, tuipitie pamoja.