Begi la mtoto liko tayari, rufaa je?

Mwenye mimba ya kwanza akija kuniuliza chochote, huanza na nguo. Anunue soksi ngapi, shali nzito au nyepesi, beseni kubwa au dogo. Namjibu, maana vijinguo vya watoto hata mimi vinanilewesha. Halafu namuuliza langu: ukiambiwa saa nane za usiku kwamba hapa imeshindikana, uende hospitali ya juu, unaondoka na gari la nani, unafuatana na nani, na pesa iko kwenye simu ya nani? Hapo mazungumzo hupoa.

Mimba yangu ya kwanza haikuwa na kasoro kliniki. Presha nzuri, wingi wa damu mzuri, mkojo safi, mtoto katanguliza kichwa. Kilichonitofautisha ni kimo tu. Kadi ya kliniki ina orodha ya mambo yanayomfanya mama aelekezwe kujifungulia hospitali: umri chini ya miaka 20, mapacha, presha, aliyewahi kupasuliwa, na pia urefu usiofika sentimita 150. Mimi nimo humo mwishoni. Nesi akaandika, nasi tukapanga nihamie kwa wifi yangu mjini wiki zikikaribia. Uchungu ukatangulia. Kwetu ni kijijini, mkoa wa Tanga, na kilichokuwa karibu ni kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji. Ndiko tulikokwenda.

Mzazi wa kwanza ana jambo moja lisilopimika mapema: nyonga yake haijawahi kupitisha mtoto. Ultrasaundi itakuonyesha mtoto kakaaje na kondo la nyuma liko wapi, lakini kama kichwa kile kitapita kwenye nyonga ile, jibu linapatikana uchungu ukishakolea. Kwa hiyo hata mwenye kadi safi kabisa aandae safari ya pili.

Uchungu wa mwanzo ni mrefu, na kwa mtoto wa kwanza unaweza kula siku nzima kabla njia ya uzazi haijafunguka sentimita 5. Usihangaike nao. Tembea, kunywa uji mwepesi, nenda haja ndogo mara kwa mara kwa sababu kibofu kilichojaa kinamzuia mtoto kushuka. Hapo ndipo ndugu wanapoanza kukosa subira. Mama mkwe wangu alikuja na chupa ya soda iliyojaa maji ya rangi ya chai, akaniambia kwa upendo wote, "Mwanangu, piga funda tatu tu, utaona mtoto anavyokimbia."

Zile dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu zinafanya kazi, ndiyo hatari yenyewe. Zinaukaza mfuko wa uzazi, wala hakuna anayejua zinaukaza kiasi gani. Dripu ya uchungu ya hospitali huhesabiwa tone kwa tone na kufungwa ikizidi. Funda tatu za kwenye chupa ya soda anazihesabu nani? Mtoto akiwa amekwama na mfuko unazidi kukaza, hewa anayopata inapungua, na mfuko wenyewe unaweza kuchanika. Kumkatalia mama mkwe si kazi rahisi, najua. Mimi nilimwambia, "Mama, nesi kanizuia nisinywe kitu mpaka aniangalie, labda unikande kiuno." Akaweka chupa chini, akanikanda kiuno karibu usiku kucha, na hadi leo ndiye anayesifiwa nyumbani kwamba alinizalisha. Mpe mtu kazi, atasahau chupa.

Sasa maswali mawili ambayo kila anayekusindikiza ayakariri kabla hamjatoka nyumbani. La kwanza: njia imefunguka ngapi, na ilikuwa ngapi mara iliyopita? La pili: mapigo ya mtoto ni mangapi? Muulize mkunga kwa adabu, kila akimaliza kupima. Mapigo ya mtoto tumboni huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, na uchungu ukishakolea inapaswa yasikilizwe kila nusu saa. Mkunga wangu wa zamu ya usiku alikuwa na saa imebandikwa kifuani kichwa chini. Alikuwa anainama, anaweka sikio kwenye kile kipembe tumboni mwangu, macho kwenye saa, na kidole chake cha shahada kinagonga paja langu pole pole kufuata moyo wa mtoto. Nilianza kuhesabu naye. Ndiyo sababu nilijua kabla hajasema: kidole kilianza kusitasita kila uchungu unapoachia.

Njia yenyewe ilikuwa imefika sita ikagoma. Akapima tena baada ya muda, sita. Chupa ya uzazi ilipopasuka, maji yakatoka ya kijani, maana yake mtoto kajisaidia humo humo tumboni. Akanionyesha fomu yake ya kufuatilia uchungu, ile patografu, yenye mistari miwili ya mshazari. Alama zako zikivuka mstari wa kwanza na uko mahali pasipo na upasuaji, rufaa ianze kuandaliwa. Wa pili uko mbele yake kwa muda wa saa nne, na hapo uamuzi lazima uwe umeshafanyika. Kwa haki niseme kwamba tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa njia kufunguka sentimita moja kila saa, kipimo cha mstari ule wa kwanza, si sheria ya kila mama. Wapo wanaokwenda taratibu na wanazaa salama. Kwa hiyo ukiambiwa "unakwenda pole pole" peke yake, usikimbilie kulia. Pole pole pamoja na maji ya kijani na moyo unaositasita ni habari nyingine.

Wakunga hufundishwa kwamba kuchelewa kuko kwa namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Hiyo ya tatu si mzigo wako. Mbili za kwanza zinaweza kumalizwa sebuleni kwenu mimba ikiwa na miezi saba. Kuamua: mume wangu alikuwa safarini, na kwetu neno la upasuaji likitajwa, wazee hutaka kikao. Tulikuwa tumeshakubaliana naye mbele ya mama yake kwamba daktari akisema kisu, hakuna wa kupigiwa simu kuombwa ruhusa, na mimi mwenyewe ndiye ninayetia saini. Kufika: huku Tanzania Bara kuna m-mama, unapiga 115 bure, wanatafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana wanatuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa, naye analipwa na mfumo. Kituo chenyewe kinaweza kupiga, na familia pia. Iandike namba hiyo kwenye kadi na uisevu kwenye simu zaidi ya moja. Lililonijia mimi ni gari dogo la abiria, dereva kavaa kandambili, na nikiri sijawahi kumpenda mtu kwa haraka kiasi kile.

Njiani lala ubavu wa kushoto, usilale chali, kwa sababu mfuko wa uzazi unabana mshipa mkubwa na kumnyima mtoto damu. Kadi na barua ya rufaa ashike anayekusindikiza, zisiingie kwenye begi. Na katika msafara wawemo watu wanaoweza kutoa damu. Mtu mzima mwenye afya akitangulia maabara wakati wewe unaandaliwa, anakuwa amefanya jambo kubwa kuliko kina shangazi wanne waliokaa kwenye benchi wakishika tama.

Hospitali walinipima, daktari akasema mtoto katazama juu, kichwa kimekaa vibaya na hakishuki. Nikasaini. Sindano ya mgongo haiumi kama watu wanavyosimulia. Kinachosumbua ni kuambiwa ujikunje mgongo kama paka na usitikisike wakati uchungu unakuja. Mwambie anayekuchoma, "Naomba unisubiri huu upite." Atasubiri. Baada ya hapo miguu inaondoka, unabaki unasikia kuvutwavutwa bila maumivu, na mtu anayekuuliza jina lako mara mbilimbili.

Mtoto alitoka kimya. Hilo nalo nalieleza kwa sababu mimi sikuwa nimeelezwa. Mtoto akichoka, wanamkausha kwanza na kumsugua mgongo, wengi huanza kupumua hapo hapo. Asipopumua, wanamwekea kinyago cha kumpulizia hewa, na hilo linatakiwa lianze ndani ya dakika ya kwanza. Hawatakuwa na nafasi ya kukujibu, na ukimya wao usiutafsiri. Alilia, sauti ya mtu aliyeamshwa kwa ubaya, ndipo nikasikia mtu anacheka na kusema ni wa kike.

Kuhusu lugha ya leba. Nilikutana na nesi aliyenifokea mbele ya wengine, maneno yale yale ambayo wanawake wengi wameyasikia, ya kwamba wakati wa kuitafuta mimba hukupiga kelele. Haikubaliki, na sitaki kuitetea kwa sababu ya uchovu wao, ingawa uchovu upo. Lakini katikati ya uchungu si wakati wa kushindana naye. Msindikizaji wako awe mtu mpole mwenye mdomo: anayeweza kusema "dada, samahani, tunaomba umpime tena" mara tatu bila kupandisha sauti. Katika wodi nyingi za serikali vitanda vimepangwa pamoja na wanaume hawaingii, hivyo mchague mwanamke, na usimchague kwa ukaribu wa udugu. Mkishatoka salama, mganga mfawidhi ana ofisi na anapokea malalamiko.

Baada ya kisu, swali utakaloulizwa zaidi ya mengine yote ni kama umeshatoa hewa. Madaktari wazima, kwa sura ya kikazi kabisa, wakiniuliza kama nimejamba. Ukitembea mapema, hewa hutoka mapema, na damu haigandi miguuni. Siku ya pili utaona haiwezekani kusimama. Inawezekana, ukigeuka ubavu kwanza na kushika kidonda kwa kiganja. Mtoto mpe dang'a, yale maziwa ya mwanzo, hata kama ni matone, upasuaji hauyazuii maziwa, unayachelewesha kidogo tu.

Nyumbani kulikuwa na maji ya moto yananisubiri. Kukandwa tumbo juu ya mshono, hapana, hata kama bibi yako alikandwa mara nane na akaishi miaka tisini, yeye hakupasuliwa. Kidonda kiwe kikavu. Uji wa pilipili manga na mtori wala havina ugomvi na mtu. Rudi hospitali mara moja ukiona kidonda kinatoa usaha, homa, maumivu makali ya kichwa na macho kuona ukungu, au damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto akishazaliwa, usidanganyike kwamba mimba ikiisha nacho kimeisha.

Watakuja pia wa kukuambia kwamba ulikuwa mvivu wa kusukuma. Mimi sikufika hata hatua ya kusukuma, lakini nimeacha kueleza. Namuuliza tu mgeni kama ataongezewa chai.

Kabla ya kutoka wodini, omba karatasi ya ruhusa iandikwe sababu ya upasuaji na jinsi mfuko ulivyokatwa, siyo neno "upasuaji" peke yake. Daktari wa mimba ijayo atalihitaji hilo ili aamue kama unaweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Mkato wa kulala sehemu ya chini ya mfuko unaweza kuruhusu, wa kusimama kwa kawaida hauruhusu. Mpe mtoto angalau miaka miwili kabla ya kubeba mwingine, anza kliniki mapema, na safari hiyo uchungu usiuanzie zahanati wala kituo kisicho na upasuaji. Mimi nikishika mimba nyingine nitahamia kwa wifi nikiwa na miezi minane, na ameshaambiwa atoe vyombo vyake kwenye kile chumba cha uani.