Programu ya "kujenga upya picha" ya ultrasaundi: kabla hujalipa, uliza inaanzia wapi

Mkuu, nitakujibu kwa urefu kidogo, maana jambo hili liliwahi kuniumbua mbele ya mgonjwa.

Kwa waliochelewa kuingia: mleta mada ana kliniki ndogo, amepata mashine ya ultrasaundi iliyotumika, ya mwaka 2008. Muuzaji anamwambia akiongeza hela kidogo atawekewa programu ya "kujenga upya picha", na mashine itaanza kuona kama hizi za leo. Anauliza kama ni kweli au anapigwa.

Muulize muuzaji swali moja tu: hiyo programu inaanza kazi kabla picha haijaundwa, au baada? Kwa mashine ya umri huo karibu kila mara ni baada. Hapo unanunua poda ya usoni.

Naeleza kwa nini. Mimi nimeshika probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya mwili wa mgonjwa, miaka kumi na nne sasa, na kabla ya hapo nilikuwa nambebea mkoba fundi wa vifaa tiba, kwa hiyo nimeona upande wa skrini na upande wa nyaya.

Chukulia watu 128 wamejipanga mstari ufukweni, na kivuko cha Kigamboni kinapiga honi gizani. Aliye karibu anasikia kwanza, wa mwisho kwenye mstari anachelewa kidogo. Ukijua kila mmoja alisikia saa ngapi, unajua kivuko kiko wapi bila kukiona. Probu ni wale watu. Vipande vya kristali mara nyingi ni 128, vinapiga sauti mwilini kisha vyenyewe vinasikiliza mwangwi. Ili kuchora nukta moja, mashine inachukua alichosikia kila mmoja, inamchelewesha aliyewahi ili alingane na aliyechelewa, halafu inajumlisha wote. Mwangwi uliotoka kwenye nukta ile unapandana na kuwa na nguvu; uliotoka kwingine unagongana na kufifia. Picha yote ya ultrasaundi ni hesabu hiyo, imerudiwa kwa kila nukta.

Mashine za zamani zilifanya hesabu hiyo kwenye sakiti. Chaneli 128, moja kwa kila kristali, zinaingia, mstari mmoja uliojumlishwa unatoka, na zile sauti za mojamoja zinapotea hapohapo. Hazihifadhiwi popote. Programu atakayokuwekea jamaa itapokea huo mstari uliokwishajumlishwa. Ugali umeshaiva, sasa anakuahidi kukutenganishia unga na maji.

Kwa nini hawakuzihifadhi? Si uzembe. Piga hesabu: chaneli 128, kila moja ikisomwa mara milioni 40 kwa sekunde, kila usomaji baiti mbili. Ni zaidi ya gigabaiti 10 kwa sekunde. Kompyuta ya miaka ile ingezimia. Mambo yalibadilika zilipopata nguvu kadi za picha, zilezile ambazo vijana wananunulia michezo ya kompyuta. Kampuni ya Verasonics ya Marekani, iliyoanza 2001, ilijenga mashine ya watafiti ambayo inakupa sauti ya kila kristali ikiwa mbichi, halafu hesabu unaandika mwenyewe. Ufaransa nako SuperSonic Imagine ya Aix-en-Provence, iliyoanza 2005, ikaleta Aixplorer, mashine ya hospitali inayofanya kazi hiyo ndani ya programu. Leo wakubwa wengi wamefuata njia hiyo.

Na hapa programu inaleta tofauti ya kweli, nisije nikaeleweka vibaya. Zamani mashine ilimulika mstari mmojammoja, kama mtu anayetafuta mbuzi shambani usiku kwa tochi. Sauti mwilini inakwenda takriban mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa kila sentimita moja ya kina ni mikrosekunde 13. Ukitazama kina cha sentimita 15, mstari mmoja unachukua karibu mikrosekunde 200. Mistari 128 ni milisekunde 25, yaani picha 40 kwa sekunde na basi. Fizikia hiyo, hata ungempa nani. Njia mpya ni kama radi: unapiga wimbi bapa moja, shamba zima linamulikwa kwa mpigo, kila kristali inasikiliza, na mistari yote inahesabiwa kutoka pigo hilo moja. Unaweza kufika picha 5,000 kwa sekunde kwa kina hichohicho. Ubaya wake, pigo moja la namna hiyo halijakazwa popote, kwa hiyo picha inatoka hafifu, na mwangwi wa pembeni unajipenyeza. Dawa yake ni kupiga kwa pembe kadhaa tofauti na kujumlisha kabla ya kuchora. Ukitumia pembe 10 bado unabaki na picha 500 kwa sekunde. Kwa moyo wa mtoto au kwa kupima ugumu wa ini, hiyo ni neema.

Faida nyingine ambayo kwangu ni kubwa kuliko kasi: mafuta. Ile 1,540 ni dhana tu. Kwenye mafuta sauti inakwenda polepole, karibu 1,450. Mgonjwa mwenye tumbo nene anaiharibia mashine hesabu ya nani alisikia lini, na picha inakuwa kama umetazama kupitia kioo cha bafuni. Mashine yenye data mbichi inaweza kurudia hesabu kwa kasi tofauti na kuchagua ile inayokaza picha vizuri. Mashine ya 2008 uliyoonyeshwa haitafanya hivyo kwa kuongezewa programu ya kupaka juu.

Sasa kisa changu.

Kituo nilichokuwa nafanya kazi kiliwekewa "maboresho" na wakala fulani. Yalikuwa ya kulainisha picha: zile chengachenga zinapunguzwa, kingo zinakazwa, na picha inaunganishwa kutoka pembe kadhaa. Tulifurahi sana. Ini lilionekana laini kama kwenye kitabu. Akaja mama mmoja wa makamo, analalamika maumivu chini ya mbavu za kulia kila akila vya mafuta. Nikapima kifuko cha nyongo. Shingoni mwa kifuko hicho niliona kitu cha kijivujivu, hakina kivuli nyuma, nikasema mkunjo huo. Nikaandika hakuna mawe.

Alirudi baada ya siku kumi, safari hii akishikiliwa. Aliyekuwepo zamu ni dada mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi. Akatazama mipangilio yangu, akacheka kidogo. "Zima vipodozi vyote kwanza," akaniambia. Akazima muungano wa pembe, akazima ulainishaji, akapandisha masafa ya sauti kutoka megahezi 3.5 hadi 5, akashusha fokasi, yaani kina ambacho mwale wa sauti umekazwa, iwe sawasawa na shingo ya kifuko. Halafu, "Mama, pole, lalia ubavu wa kushoto." Jiwe likabingirika. Milimita 4 hivi, na nyuma yake kivuli cheusi kimenyooka kama kimepigwa rula.

Kivuli kilikuwa wapi siku ya kwanza? Kilikuwepo, programu ilikifuta. Ukitazama jiwe kutoka pembe tano, kila pembe inaangusha kivuli upande wake, na pembe moja inajaza penye giza la nyingine. Baada ya kuunganisha, kivuli kinabaki pembetatu fupi iliyopauka. Ulainishaji ukija juu yake, unamalizia. Tena kwa megahezi 3.5 mwale ni mpana, jiwe dogo haliuzibi wote, sauti inapita kandokando. Kwa hiyo mashine haikudanganya kwa bahati mbaya. Ilifanya walichoiagiza, kuondoa vitu visivyopendeza. Tatizo ni kwamba katika kazi yetu visivyopendeza ndivyo ushahidi. Kivuli nyuma ya jiwe, weupe nyuma ya uvimbe wenye maji: kitabuni yote mawili yanaitwa kasoro za picha, na bila hayo sisi ni vipofu nusu.

Hata leo sijayaacha hayo mambo. Kwenye tezi ya shingo, matiti na kano nauacha muungano wa pembe ukiwa umewashwa, kingo zinaonekana vizuri mno. Kwenye nyongo na figo nazima. Kinachoniudhi ni mashine isiyokupa kitufe cha kuzima.

Turudi kwa muuzaji wako, maana nina hakika atakufanyia onyesho. Atachagua kijana mwembamba, atapima figo, kila mtu atasema wow. Mpelekee mtu mwenye tumbo. Pili, angalia desibeli kwenye kona ya skrini. Picha ya kawaida inabana tofauti ya kama desibeli 60, yaani mwangwi mkubwa ni mara 1,000 ya ule mdogo, iingie kwenye vivuli vya kijivu ambavyo jicho linaviona. Ukishusha hadi 40, kila kitu hafifu kinakuwa cheusi tititi, na uvimbe wa maji unaonekana msafi ajabu. Hakuna taarifa hata moja iliyoongezeka. Hata watafiti walikuwa wanaingia mtego huu: njia mpya ya hesabu inatangazwa kuwa na utofautishaji bora, kumbe imekunja tu mizani ya weusi na weupe. Alfonso Rodriguez-Molares na wenzake walichapisha mwaka 2020 kipimo kisichodanganyika kwa mbinu hiyo. Kinauliza kitu kimoja, ni kiasi gani mng'ao wa nukta za ndani ya uvimbe unachanganyikana na wa zile za nje. Kama maprofesa wanahitaji kipimo cha kujilinda, wewe usiende mikono mitupu.

Tatu, na hili usiliruke: probu. Omba jeli ifutwe, probu iwe kavu, ishikwe hewani bila kugusa kitu, fokasi karibu. Utaona mistari myeupe iliyolala juu ya skrini. Inapaswa iwe sawa kutoka kushoto hadi kulia. Ukiona mahali pana ufa mweusi unaoshuka, kristali za hapo zimekufa au waya umekatika. Pitisha ukingo wa sarafu taratibu juu ya uso wa probu ili uhakikishe. Ikifika kwenye kristali mbovu alama yake inafifia. Fanya hivyo ulainishaji ukiwa umezimwa, kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kuficha probu mbovu. Nimeona probu iliyokufa kristali karibu kumi ikiuzwa kama nzima.

Kama probu ni nzima na mtu mwenye tumbo anaonekana vizuri vya kutosha bila programu, basi nunua mashine bila programu na hela iliyobaki weka kwenye probu ya akiba. Kama picha inapendeza tu programu ikiwashwa, achana nayo.

Zile picha ulizoweka hapo juu siwezi kuzitolea hukumu, zimeshabanwa na WhatsApp. Mwambie muuzaji akupe faili la DICOM, yaani picha ya kitabibu kama ilivyotoka kwenye mashine, kwenye flashi, picha mbili za sehemu ileile ya mgonjwa yuleyule, moja programu imewashwa na moja imezimwa, namba za megahezi na desibeli zikionekana. Ziweke hapa tuzitazame. Akikataa kukupa ile iliyozimwa, nitag nikutajie pa kuanza kutafuta nyingine.