Maswali Yenu: Kutoka Jani Hadi Kidonge

Barua za safari hii karibu zote ni za malaria. Zinazorudiarudia nimezijibu kwa pamoja.

Nina artemisia uani. Nikichemsha majani yake nikanywa, bado nahitaji vidonge? (Langoni, Lamu)

Unavihitaji. Swali hili nimelijibu mara nyingi na jibu ni lile lile. Gramu 9 za majani makavu kwenye lita ya maji ya moto hutoa artemisinini, kiambata chake kinachoua vimelea, isiyofika miligramu 100. Ilipotumika peke yake kama dawa, mtu mzima alipewa miligramu 500 kwa siku au zaidi. Chai yako hupunguza vimelea, homa ikashuka, ukajiona umepona, kumbe vilivyosalia vinaanza kuzaana upya. Shirika la Afya Duniani haliikubali chai hiyo kwa tiba wala kwa kinga. Na vimelea vinavyoanza kuistahimili dawa hii vimeshathibitishwa Uganda, Rwanda na Tanzania, majirani zetu. Msivilishe dozi ndogo ndogo.

Kama artemisinini inaua vimelea, wakemia huibadilisha ya nini? (Mwanafunzi wa kidato cha nne, Malindi)

Mwanangu, hapa ndipo penye elimu. Artemisinini haiyeyuki vizuri majini wala kwenye mafuta, kwa hiyo huwezi kutengeneza sindano nayo. Nguvu yake imo kwenye daraja la oksijeni mbili zilizoshikana. Kimelea hula himoglobini ya damu na kufungua chuma kilichomo. Chuma hicho huvunja daraja, na vipande vinavyotoka huharibu protini za kimelea chenyewe. Kwa hiyo mkemia yuko huru kugusa kwingine, daraja aliache. Joto kali pia ni adui: Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alifaulu alipoacha kuchemsha na kutumia etha, ambayo huchemka kwenye nyuzi 35 tu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Artemisinini hutiwa kwenye metanoli, ikapozwa hadi kati ya nyuzi 0 na 5, kisha unga wa sodiamu borohidridi, unaopachika haidrojeni, huongezwa kidogo kidogo. Sehemu yake iitwayo laktoni hugeuka kuwa na kikundi cha OH (oksijeni na haidrojeni), na daraja hubaki salama. Ukimimina unga wote kwa mara moja, mchanganyiko hupata moto, haidrojeni hufoka, na unachokivuna kinapungua na kuchafuka. Zao safi ni dihidroartemisinini, na hapo njia zinagawanyika. Ukiiunganisha na metanoli kwa msaada wa asidi, unapata artemetha inayopenda mafuta, ile iliyomo kwenye vidonge vya AL (artemetha na lumefantrini). Ukitumia anhidridi ya saksiniki, unapata artesuneti, yenye mkia wa asidi.

Mkia huo ndio unaookoa watoto wodini. Ukikutana na bikaboneti ya sodiamu hugeuka chumvi, na dawa ikakubali maji. Ndiyo maana kichupa cha miligramu 60 huja kikiwa na unga mkavu: hutiwa kwanza mililita 1 ya bikaboneti ya asilimia 5, hutikiswa mpaka maji yawe maangavu kabisa, ndipo huongezwa mililita 5 za dekstrosi ya asilimia 5 au maji ya chumvi kwa sindano ya mshipa. Mkia hukatika ukikaa majini, kwa hiyo dawa itumike ndani ya saa moja. Ikiwa na ukungu au chembe, isidungwe.

Dawa ikibadilishwa, si lazima iwe bora kuliko ya asili? (Mambrui)

Si lazima. Mwaka 1911 Wajerumani waliigeuza kwinini wakapata optokini ya kutibu nimonia. Bakteria walikufa, lakini baadhi ya wagonjwa walipofuka. Leo imebaki maabara, kwenye vijiduara vya karatasi vya kutambulisha bakteria wa nimonia. Kila badiliko linapimwa upya, nguvu na sumu pia.

Mbegu za mkomafi ni chungu kama kwinini. Basi zina kwinini? (Faza)

Hazina. Kwinini hutoka kwenye gome la sinkona, mti wa milima ya Andes. Uchungu wa mdomoni hauthibitishi chochote. Sumu nyingi ni chungu vile vile. Mkomafi, mmoja wa mikoko yetu, una gedunini, jamaa ya viambata vya muarobaini. Kwenye chupa za maabara gedunini huzuia kimelea cha malaria vizuri. Ndani ya panya nguvu hiyo hufifia, maana mwili huivunja mapema. Wakemia walijaribu kuondoa kikundi cha asetati kwenye kaboni namba 7 na kuweka methoksi, kisichokatika kirahisi. Haijawa dawa ya kuuzwa. Lakini ndiyo sababu roho inaniuma mikoko ya Lamu inapokatwa ovyo: tunachoma kuni vitu ambavyo kemia yake hatujaimaliza kuisoma.

Mtoto wa miezi minne nimpe mafuta ya muarobaini kidogo kwa homa? (Watamu)

Usimpe hata tone, mama. Kuna watoto wachanga waliopewa mililita chache wakatapika, wakalegea, wakapata degedege na ini kuharibika. Homa kwa mtoto wa umri huo ni ya kupelekwa zahanati leo hii.

Muarobaini hutibu Ukimwi?

Hapana. Endelea na ARV zako.

Nimeanza AL na Ramadhani imeingia. Siku ya pili nimepata nafuu, nihifadhi zilizobaki? (Shela)

Maliza zote. Kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne sasa, vinne baada ya saa 8, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Artemetha hutoka mwilini kwa saa chache tu. Lumefantrini ndiyo inayokaa siku kadhaa kumaliza masalia, nayo haifyonzwi vizuri bila mafuta. Meza na maziwa au chakula chenye nazi. Mgonjwa ana ruhusa ya kula mchana na kulipa baadaye; itumie.