Nani Anakagua Nini Mpakani? Majibu kwa Wasomaji wa Lubumbashi

Maswali mengi yaliyotufikia mwezi huu yanahusu jambo moja: ni ofisi gani iliyo na mamlaka juu ya mtu au mzigo unaovuka mpaka. Tunajibu machache.

Ninaleta unga na sabuni kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kila safari napita meza nyingi, na kila meza inataka karatasi yake. Kisheria ni akina nani wanaopaswa kuwa pale? (Mama mfanyabiashara, Katuba)

Mama, amri ya serikali namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne zenye ruhusa ya kufanya kazi mipakani mwa Kongo: forodha, OCC (ofisi inayokagua bidhaa), uhamiaji na usafi wa mipakani. Huduma hizo haziko chini ya waziri mmoja, na ndiyo sababu karatasi uliyopewa na mmoja haimtoshi mwenzake.

Tuchukue mifuko yako ya unga. Mtu wa DGM, yaani uhamiaji, hana shughuli na unga. Anakuangalia wewe, hati yako ya kusafiria, na muhuri uliogongewa upande wa Zambia. Mtu wa usafi anataka kuona kadi ya njano ya chanjo, na anaweza kukagua chakula unachoingiza. OCC inapima ubora na kiasi, yaani kama unga ni mzima na kama mifuko ina uzito ulioandikwa juu yake. Mwisho ni DGDA, yaani forodha, iliyochukua nafasi ya ofisi ya zamani ya forodha, OFIDA, kwa amri ya Desemba 2009: hiyo inakadiria thamani ya mzigo na kudai ushuru unaoingia katika hazina ya taifa.

Kwa maoni yangu mgawanyo huo si mbaya, kwa kuwa anayedai pesa hapaswi kuwa ndiye anayeamua kama chakula kinafaa kuliwa. Taabu inaanzia kwenye meza ya tano na ya sita, anapoketi mtu mwenye kidaftari asiyeweza kuonyesha ni amri gani iliyomweka hapo. Huyo muulize kwa heshima huduma yake ni ipi, na usitoe kitu bila risiti yenye jina la huduma hiyo.

Binamu zangu wa Tanzania wanapata pasipoti kwa Uhamiaji. Kwa nini sisi hatuipati DGM? (Mwanafunzi, Ruashi)

Kwa sababu kwetu pasipoti ni kazi ya Wizara ya Mambo ya Nje, wakati DGM, iliyoundwa kwa amri ya Januari 2003, iko upande wa Wizara ya Mambo ya Ndani. DGM inaisoma pasipoti, haiitoi. Jirani zetu wa Zambia nao wametenganisha kazi hizo, ila kwa namna nyingine: pasipoti inatoka katika idara inayosajili raia, na uhamiaji ni idara nyingine, zote mbili zikiwa ndani ya wizara moja.

Mume wangu anaendesha kamyo hadi Durban. Anasema pale Beitbridge, mpakani mwa Zimbabwe na Afrika Kusini, kuna askari wa mpaka wenye sare mpya. Je, Afrika Kusini imeunganisha huduma zote, na sisi hatuwezi kufanya vivyo hivyo? (Mama, Kampemba)

Imeunganisha nyingi, si zote. Mamlaka ya Usimamizi wa Mipaka iliundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na ikaanza kujitegemea tarehe 1 Aprili 2023, ikikusanya chini ya kamishna mmoja maofisa wa uhamiaji, wa afya, wa kilimo na wa mazingira waliokuwa wakitoka wizara mbalimbali. Lakini forodha ilibaki kwa SARS, mamlaka ya kodi, na jeshi ndilo linaloendelea kulinda mstari wa mpaka nje ya vituo. Kwa hiyo mume wako bado atakutana na ofisi mbili pale: moja yake mwenyewe, nyingine ya mzigo wake.

Kuunganisha si dawa ya kila kitu. Uingereza iliweka viza, forodha ya mpakani na ukaguzi wa wasafiri katika wakala mmoja mwaka 2008. Baada ya mgogoro wa mwaka 2011 kuhusu ukaguzi uliolegezwa viwanja vya ndege, kikosi cha mpakani kilitengwa mwaka 2012, na mwaka uliofuata wakala wenyewe ukavunjwa. Mimi ningependelea mfano wa Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2009 maofisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi katika kituo kimoja, kila mmoja kwa sheria zake, na kamyo linasimama mara moja badala ya mara mbili.

Binti yangu ana viza ya Marekani. Jamaa mmoja anasema "INS" ndiyo itakayoamua atakaa muda gani. Ni kweli? (Papa, komini ya Kenya)

Papa, jamaa huyo anasema habari za zamani. INS, iliyokuwa idara ya uhamiaji ya Marekani, ilivunjwa mwaka 2003, na kazi zake zikagawiwa mashirika matatu ya Idara ya Usalama wa Ndani. USCIS inapokea maombi ya ukaazi na uraia, ICE inafuatilia na kuwarudisha makwao watu walio ndani ya nchi bila haki, na CBP inasimama mipakani na kwenye viwanja vya ndege, ikishika pamoja uhamiaji na forodha.

Viza yenyewe imetolewa na ubalozi, ambao uko chini ya wizara nyingine kabisa. Viza inampa binti yako haki ya kufika mlangoni na kuomba kuingia; ofisa wa CBP ndiye atakayeamua kama anaingia, na ataandika tarehe ya mwisho wa kukaa kwake. Aitazame tarehe hiyo, si ile ya viza, kwa maana mara nyingi haziwi sawa.

Nimeajiri fundi Mzambia katika garaji yangu. Ana viza ya DGM. Inatosha? (Papa, Kamalondo)

Haitoshi. Viza inamruhusu kukaa nchini. Kadi ya kazi ya mgeni inatoka upande wa Wizara ya Kazi, na anayewajibika kuiomba ni wewe mwajiri.