Kabla hujauliza "alifanya nini huko", soma hapa

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji, ni mdada, dada yake yuko kizuizini nchi moja ya Ghuba na familia imegawanyika, wengine wanachangishana hela ya wakili na wengine wanasema aachwe tu maana haiwezekani mtu akamatwe bure, lazima kuna kitu kafanya. Akaniuliza, dada wewe umepitia haya, nianzie wapi? Nimemjibu pembeni, ila hilo neno la lazima kuna kitu kafanya limenikwama kooni maana ndo neno nililopokelewa nalo na mimi niliporudi, tena na watu wangu wa damu, kwa hiyo leo naongea hadharani na ntaongea kirefu mnivumilie.

Mimi nilikuwa huko kwa kazi za ndani, nikawekwa kizuizini kwa kosa la kutoroka kazini. Sikuiba, sikumgusa mtoto wa mtu, sikuvunja hata sahani. Mwajiri alikuwa halipi, pasipoti yangu anayo yeye, simu ananipa akijisikia, nikaondoka kwenda kutafuta msaada. Kumbe huku nyuma kashapeleka ripoti kwamba mfanyakazi wake katoroka, kule wanaita hurub, na ukishaandikiwa hurub kibali chako cha kuishi nchini ndo basi tena, yaani ulivyotoka mlangoni ulikuwa mfanyakazi anayedai mshahara wake, ukifika barabara kubwa wewe ni mtu wa kukamatwa. Ndo kafala hiyo. Kibali chako kinamtegemea mtu mmoja tu, kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, na huyohuyo unayetaka kumshtaki ndo mwenye uwezo wa kukufanya uwe nchini kinyume cha sheria.

Najua kuna mtu atasema mbona wanaume nao wako chini ya kafala. Ni kweli, mafundi ujenzi na madereva wa makampuni wanateseka sana, siwabezi. Lakini kazi yao angalau sheria ya kazi inaitambua kuwa ni kazi. Kazi ya ndani nchi nyingi za kule wameitoa kwenye sheria hiyo. Lebanon sheria yao ya kazi ya mwaka 1946 imewataja wafanyakazi wa ndani kusudi iseme haiwahusu. Saudi Arabia mwaka 2021 walilegeza masharti ya kuhama mwajiri, wakashangiliwa dunia nzima, halafu ukisoma vizuri unakuta wafanyakazi wa ndani hawakuwamo. Qatar mwaka 2020 walifuta kibali cha kutoka nchini hata kwa wa ndani, hilo ni jema nalisema, ila kwenye karatasi uko huru na ndani ya nyumba mlango umefungwa na funguo anayo madam.

Na hii haijatokea kwa bahati mbaya. Kupika, kufua, kuogesha wazee, kulea, duniani kote vimehesabiwa kuwa ni tabia ya mwanamke, wanasema tunafanya kwa upendo, na kitu cha upendo hakina saa za kazi wala siku ya mapumziko. Watetezi wa wanawake wamelipigia kelele hili miaka na miaka mpaka mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 189 unaosema kazi ya ndani ni kazi kama nyingine, na kifungu cha 9 kinasema mfanyakazi ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria mwenyewe. Nchi za Ghuba hazijauridhia. Hata nchi nyingi zinazotupeleka sisi huko hazijauridhia.

Turudi kizuizini sasa, maana huko ndo nilikosomea.

Tulikuwa chumba kimoja wanawake wa lugha ambazo hata sizijui, na ukiniuliza nani alikuwa mhalifu pale kwa maana mnayoielewa nyie, nakosa wa kumtaja. Wengi ni hurub. Wengine vibali vimeisha kwa sababu mwajiri hakuvilipia. Kulikuwa na binti ana kichanga, kakamatwa kwa sababu kazaa bila cheti cha ndoa, na aliyempa mimba ni mtu wa nyumba ileile aliyokuwa anafanya kazi, huyo yuko kwake analala. Yule mtoto nepi zake tulikuwa tunachana mashuka.

Siku wananiletea karatasi ya kuweka dole gumba, imeandikwa Kiarabu kuanzia juu mpaka chini, afisa kanishika mkono keshanichovya wino, mi nikakunja ngumi. Akanikunjua, nikakunja tena. Nikasema tarjuma, tarjuma, neno pekee lililonijia. Walininunia kutwa nzima lakini mkalimani alikuja, na nikaambiwa ile karatasi ilikuwa inasema nimeshalipwa haki zangu zote na sidai chochote. Hili najivunia mpaka kesho. Wino ulikaa kwenye kiganja siku kadhaa, sikuuosha kwa makusudi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ndo huo, usiweke dole kwenye usichokisoma. Hata wakikuambia ni ya tiketi. Hata wenzako wote wameweka. Omba mkalimani mpaka wachoke.

Wa pili, namba za simu ziwe kichwani. Simu watachukua, karatasi watachukua. Mimi namba ya dada yangu niliiandika kwa kalamu upande wa ndani wa pindo la gauni, na wenzangu wakaniomba niwaandikie za kwao hivohivo, tukawa tunatembea na familia zetu kwenye mapindo. Pasipoti na mkataba vipige picha vyote kabla hujasafiri, mwachie mtu unayemwamini, siyo wakala. Wakala ni wa kwanza kuzima simu.

Wa tatu, dai ubalozi wako. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu huduma za kibalozi, kifungu cha 36, unasema ukikamatwa nchi ya watu lazima uambiwe kuwa una haki ubalozi wako ujulishwe, na ukitaka ni lazima wajulishe bila kuchelewa. Familia nayo isisubiri huko waamue, iende wizara ya mambo ya nje na jina kamili, namba ya pasipoti na mji alipo. Halafu kuna Kanuni za Bangkok, Umoja wa Mataifa ilizipitisha mwaka 2010 maalum kwa wanawake wafungwa, zinasema mwanamke akiingia gerezani apewe nafasi ya kuwasiliana na ndugu, apate ushauri wa kisheria, aelezwe taratibu kwa lugha anayoielewa, na kama ana watoto wanaomtegemea aruhusiwe kwanza kuwapangia pa kukaa. Sisi hatukupewa hata kimoja, lakini ukikijua unakitaja, na afisa akisikia unakitaja anabadilika kidogo.

Jamani, kwa hesabu ya mwaka 2022 wanawake walioko magerezani duniani walikuwa zaidi ya laki saba na arobaini elfu, na idadi ilikuwa imepanda karibu asilimia 60 tangu mwaka 2000, kasi kubwa kuliko ya wanaume. Hivi kweli wanawake wamekuwa wabaya ghafla? Miaka ya 80 na 90 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) ziliambia nchi maskini zipunguze matumizi, hospitali na shule zikaanza kulipiwa, na pengo likazibwa na mama, kwa kuuza, kwa kukopa, kwa kusafiri. Wengine wakabebeshwa mzigo wa dawa za kulevya na mwanaume ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa ndege, Uingereza wenyewe mwaka 2012 walibadilisha mwongozo wa hukumu ili wabebaji wa namna hiyo wasihukumiwe kama matajiri wa biashara. Utandawazi ulifungua njia ya hela na bidhaa, na mikono yetu pia inatakiwa sana, ila mwenye mikono akisema nimechoka nataka kuondoka, anawekwa ndani.

Mwisho ni kuhusu hela, maana watu wanasahau. Ndugu yenu akiambiwa anarudishwa msifurahi mkaishia hapo. Kabla hajapanda ndege aombe ubalozi umsaidie kuandika hati ya kumpa mtu mamlaka ya kudai mshahara kwa niaba yake kule, kwa sababu akishafika nyumbani kudai kwa mbali ni shughuli pevu. Mimi hati hiyo ninayo. Mshahara wangu bado haujatoka, na kesi sijaifuta.