Zermatt au Grindelwald? Mwangalie kwanza asiyeteleza

Mdogo wangu anaishi Stuttgart. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita: wamepata likizo ya wiki moja Februari, watoto wana miaka saba na kumi na hawajawahi kuvaa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, mama mkwe wake atakuwa ameshafika kutoka Tanga, na mumewe anateleza vizuri tangu alipokuwa mwanafunzi. "Dada, twende Zermatt au Grindelwald?" Ni vijiji viwili vya milimani huku Uswisi, watu huenda huko kuteleza kwenye theluji. Si wa kwanza kuniuliza. Sisi tunaishi Bern na tumeshakaa kote kuwili na watoto, kwa hiyo namjibu hapa kwa kirefu.

Mwaka wa kwanza tulichagua Zermatt kwa macho. Nani asiyeujua Matterhorn, ule mlima uliochongoka wenye mita 4,478? Halafu tukasoma kwamba ukiunganisha na Cervinia upande wa Italia kuna kilomita 360 za njia za kutelezea. Tukaona hapo ndipo penye thamani ya pesa. Sasa hebu fikiria: mtoto anayejifunza anahitaji njia ya urefu gani? Wangu walikaa siku tatu kwenye kimteremko ambacho mtu mzima angekimaliza kwa pumzi moja. Zile kilomita nyingine tulizilipia, hatukuziona.

Pale Zermatt watoto wanaoanza hupelekwa Sunnegga, karibu mita 2,300. Unapanda treni iliyopita ndani ya mlima, dakika chache tu, na huko juu pazuri kwelikweli. Lakini siku ya pili binti yangu alianza kulia. Viatu alivyokodi vilikuwa vinambana kwenye mfupa wa juu ya kifundo. Kiatu cha skii ni kigumu kama ndoo, hakilegei kwa kuvaliwa, kwa hiyo dawa yake ni moja: kubadilisha. Duka lilikuwa kijijini. Nikamvua, nikambeba akiwa na soksi mbili na buti zangu, tukashuka na treni, tukatembea hadi dukani, tukasubiri, tukarudi. Mwalimu alikuwa ameshamaliza kipindi. Binti hakutaka tena kusikia habari ya skii hadi siku ya mwisho.

Mwaka uliofuata Mama alikuja kutoka Moshi, tukaenda Grindelwald. Mahali pa wanaoanza panaitwa Bodmi, ukingoni mwa kijiji, unafika kwa miguu au kwa basi. Kuna mkanda unaosogea: mtoto anasimama juu yake na skii zake, unampandisha taratibu, anateleza kushuka, anarudi tena. Mama alikaa kando kwenye kiti, kitenge kimefungwa juu ya jaketi, akiwahesabu wajukuu kila wanaposhuka. Amekua akiiona theluji ya Kibo kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu, na hakuwahi kuigusa. Alivua glavu, akachota kidogo, akaifumba kiganjani mpaka maji yakaanza kudondoka kati ya vidole. Hakusema kitu kwa muda mrefu.

Ndiyo maana nasema: usianze na mtelezaji hodari. Yeye atafurahi popote. Anza na bibi asiyeteleza na mtoto anayeanza, uulize watakuwa wapi saa nne asubuhi, na mtakutana wapi mchana. Grindelwald tulipanda na Mama treni ya meno, ile yenye gurudumu la meno linalong'ata reli ili ipande mlima, hadi stesheni ya Kleine Scheidegg, mita 2,061, chini kabisa ya ukuta wa mlima Eiger. Mume wangu alikuja akiteleza kutoka juu, tukala wote rösti, viazi vya kukwaruza vilivyokaangwa, jua likitupiga usoni. Zermatt nako kuna treni ya kumpandisha mzee, ile ya Gornergrat iliyoanza mwaka 1898, lakini inafika mita 3,089. Mzee mwenye presha aongee na daktari wake kabla ya kupanda huko, na hata zaidi kabla ya Jungfraujoch, stesheni ya treni ya juu kabisa upande wa Grindelwald, yenye mita 3,454. Jungfraujoch tiketi yake ni ghali. Asubuhi angalia kamera za mlimani, na kama kuna ukungu, pesa yako iache mfukoni.

Grindelwald ina udhaifu mmoja mkubwa. Kijiji kiko mita 1,034 tu. Siku moja katika wiki yetu ilinyesha mvua, theluji ya Bodmi ikawa kama uji, watoto wakalowa hadi mapajani. Zermatt kijiji chenyewe kiko mita 1,620, na kigari cha kebo kinachoning'inia hewani kinafika hadi mita 3,883 kwenye barafu ambayo watu huteleza hata wakati wa kiangazi. Kwa hiyo ukiniambia likizo yenu ni ya Pasaka, jibu langu linageuka pale pale: nendeni Zermatt. Na kama ni wawili tu mnaoteleza vizuri, bila watoto, Zermatt tena, mshuke Italia mkanywe kahawa. Ila saa ya lifti ya mwisho, yaani vigari na viti vya kebo vinavyowarudisha watelezaji juu, msiipuuze. Upepo ukizidi lifti hufungwa, na kurudi kwa barabara kutoka Cervinia ni kuizunguka milima yote kwa teksi.

Mambo madogo. Zermatt haiingii magari ya kawaida. Gari lako linabaki Täsch, mnamalizia kwa treni kama dakika 12, mizigo na skii mkononi. Grindelwald mnafika na gari hadi kijijini. Bima ya viza ya mama mkwe isomeni vizuri kama inagusa michezo ya theluji, hata kama atapanda kigari cha kuteleza tu na wajukuu, maana kuokolewa kwa helikopta si bei ya mchezo.

Kwa hiyo mdogo wangu, kwa Februari hii na watu ulionao, chukua Grindelwald. Kodini viatu jioni mnayofika, watoto watembee navyo dukani kwa robo saa nzima, na anayesema vinabana asikilizwe. Shemeji apande na Eiger Express, kigari cha kebo kutoka Grindelwald, asubuhi na mapema akate kiu yake, saa sita awe Kleine Scheidegg. Na mama mkwe usimnunulie buti za theluji. Za Mama bado ziko kabatini kwangu, namba 39, zimevaliwa wiki moja tu. Muulize anavaa namba ngapi, nizitume kesho.