Mbona hadithi yangu ya kutisha haimtishi mtu?

SWALI: Shikamoo, Bi Mhariri. Nimeandika hadithi ya kutisha kuhusu mtaa mmoja wa Mji wa Kale. Watu wanane wanakufa, damu tele, na jini limo. Walioisoma wanasema ni nzuri, lakini hakuna aliyeshtuka wala kusikitika. Tatizo liko wapi? Msomaji, Kisauni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mswada uliouambatisha nimeusoma wote. Lugha yako ni safi. Tatizo ni kwamba maiti wako hawana wa kuwalilia.

Ukurasa wa kwanza Zuhura ameshakufa. Wa tatu anakufa mwingine. Hakuna turubai kichochoroni, hakuna viti vya kukodi, hakuna hitima. Nani Mombasa hufa hivyo? Msomaji huogopa pale anapokuwa na kitu asichotaka kipotee, na wewe hukumpa muda wa kumpenda Zuhura. Mcheleweshe. Mpe kurasa nne au tano za uhai: adaiwe na muuza viazi karai, amgombeze mdogo wake, afunge nauli ya matatu kwenye pindo la leso.

Kisha kuna jambo umelipitia kwa sentensi moja tu, nami nilisimama hapo: mama yake bado humpakulia chakula cha usiku na kukifunika kwa kawa. Hadithi yako iko hapo! Mwache mama apakue wali na mchuzi wa samaki, aweke kipande cha ndimu pembeni. Alfajiri afunue kawa, sahani tupu. Usilitaje jini. Usiseme mama aliogopa. Mwonyeshe akiiosha sahani ile, na usiku wa pili akiongeza kipande cha samaki. Msomaji atavutwa huku na huku: kwa ajili ya mama anatamani sahani ikutwe tupu, na papo hapo anaomba isiwe tupu.

Washairi wetu waliijua kazi hii. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha kwanza fahari ya majumba ya mji wa Pate, ndipo anatuonyesha madaka, vile vishubaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za kaure, sasa makinda ya ndege yamelala humo. Mambo ya kaburi yamo pia, lakini mimi huumwa na madaka yale.

Kuhusu jini, lipunguzie maelezo. Msomaji wa Pwani ana jini lake kichwani tangu utotoni, na lako ukilieleza kucha na meno litakuwa dogo kuliko lake. Na popote ulipoandika “la kutisha” au “la ajabu”, futa.

Vifo vinane vifanye viwili. Cha pili kije baada ya arobaini ya Zuhura, wadogo zake wakiwa wameanza kucheka tena. Ukishaandika upya, niletee niusome.